Sura ya Saba: Mateke Jukwaani

Gitaa la Richard Thompson likianza kwenda peke yake, Linda hakuwa na kazi. Hiyo ndiyo shida ya mwimbaji asiyepiga ala. Wimbo ukifika mahali pa solo, kila mtu jukwaani ana la kufanya isipokuwa yeye. Mpiga ngoma yuko na ngoma zake, wa besi yuko na besi lake, na yeye amesimama mbele ya maiki, mikono imening'inia, ukumbi mzima unamtazama. Wapo wanaocheza kidogo. Wapo wanaoshika tari, na wapo wanaorudi nyuma gizani wakanywa maji. Linda Thompson, katika vilabu vya Marekani mwaka 1982, alijipatia shughuli nyingine. Alimsogelea mumewe akampiga teke la ugoko.

Richard hakuwa na namna ya kujikinga. Mkono wa kushoto umebana nyuzi. Wa kulia umeshika kile kipande cha plastiki cha kupigia kati ya gumba na shahada, huku vidole vilivyobaki vikidonoa nyuzi nyembamba, maana ndivyo apigavyo tangu ujana wake. Akiachia mkono mmoja tu, solo inakatika mbele ya watu waliolipa viingilio. Basi akawa anapokea mateke na kuendelea kupiga. Linda mwenyewe ndiye aliyeyasimulia haya miaka iliyofuata, tena kwa kucheka, pamoja na habari ya chupa ya soda iliyotua kichwani mwa Richard siku nyingine nje ya jukwaa. Katika historia ya roki, ziara ile imebaki na jina la ziara ya jehanamu.

Ukiishia hapo una umbea mzuri wa wanamuziki, na umbea huu umeandikwa sana. Mimi naurudia kwa sababu nyingine. Waliokuwa katika vilabu vile walisikia nyimbo za ndoa inayovunjika zikiimbwa na mume na mke ambao ndoa yao ilikuwa inavunjika palepale, wakaamini wanasomewa shajara. Walikosea. Nyimbo zile ziliandikwa kabla. Kilichotokea ni kigeni zaidi: maneno yalitangulia, maisha yakaja nyuma yakayafikia, na waimbaji wakajikuta wanalazimika kuyaimba kila usiku kwa maana ambayo hawakuikusudia.

Turudi nyuma kidogo. Richard alizaliwa London mwaka 1949, baba yake Mskoti aliyekuwa askari polisi. Mwaka 1967, akiwa bado kijana mdogo, alikuwa mmoja wa waanzilishi wa Fairport Convention, bendi iliyochukua nyimbo za kale za Waingereza na Waskoti, zile za mauaji, mabaharia na wasichana waliosalitiwa, ikazipigia gitaa la umeme na ngoma. Mei 1969 gari la bendi lilipinduka kwenye barabara kuu ya M1 wakirudi London kutoka kwenye onyesho. Mpiga ngoma wao, Martin Lamble, alikufa akiwa na miaka 19. Alikufa pia Jeannie Franklyn, mpenzi wa Richard wakati huo. Baadaye mwaka huohuo, bendi ikiwa imejikusanya upya studio, Richard alikutana na Linda, mwimbaji aliyezaliwa London akakulia Glasgow, aliyekuwa akiishi kwa kuimba katika vilabu vya muziki wa asili na kwa kuimba matangazo ya biashara. Walioana mwaka 1972.

Albamu yao ya kwanza kama wawili, I Want to See the Bright Lights Tonight, ilitoka mwaka 1974 baada ya kukaa kabatini muda mrefu. Msukosuko wa mafuta wa wakati ule ulikuwa umeleta uhaba wa malighafi ya kutengenezea santuri, na wao hawakuwa wa kupewa kipaumbele. Ndani yake kuna wimbo uitwao The End of the Rainbow. Ni wimbo wa kumbembeleza mtoto mchanga, ila badala ya kumtuliza unamwambia hakuna cha maana kinachomngoja duniani. Richard aliuandika akiwa bwana harusi mpya, na nyumbani kuna mtoto. Tuushike mfano huu, tutauhitaji. Mtu huyu aliandika giza nene wakati mambo yake yakiwa mazuri. Nyimbo za kale alizokulia nazo zilimfundisha kwamba mtunzi havai nguo zake mwenyewe. Anavaa za mhusika.

Wanahistoria wengi wa muziki hupita haraka hatua iliyofuata, wakaiita kituko cha miaka ya sabini. Msomaji wa pwani yetu ataiona kwa jicho tofauti. Katikati ya miaka hiyo Richard na Linda waliingia Uislamu na kujiunga na kundi la Masufi jijini London, chini ya Sheikh Abdalqadir as-Sufi, Mskoti aliyezaliwa kwa jina la Ian Dallas. Sheikh huyo alikuwa murid wa Sheikh Muhammad ibn al-Habib wa Meknes, Moroko, katika silsila ya Darqawiya, tawi la tariqa ya Shadhiliya. Shadhiliya iliyoenea Komoro, Zanzibar na Kilwa kupitia Sheikh Maarufu, aliyefariki mwaka 1905, ni ya tawi la Yashrutiya, nalo likifuatiliwa juu linafika kwa al-Arabi al-Darqawi wa Moroko, yuleyule aliyeipa Darqawiya jina. Kwa hiyo dhikri zilizokuwa zikisomwa katika kundi lile la London na zile za zawiya za Kilwa zina babu mmoja. Kwenye jalada la albamu yao ya mwaka 1975, Pour Down Like Silver, Richard amevaa kilemba.

Kwa Richard hilo halikuwa vazi la kupiga picha. Aliacha muziki kwa muda, akaweka pembeni gitaa la umeme, akafanya biashara ya vitu vya kale. Ni Mwislamu hadi leo. Linda alibeba mzigo mwingine. Maisha ya jumuiya yalikuwa magumu, hasa kwa wanawake, na yeye amesema wazi kwamba hayakumfaa. Miaka ya kuimba ilimpita akiwa jikoni na watoto. Walirudi studio mwaka 1978 na albamu mbili ambazo hazikuuza, na kufikia mwaka 1980 hawakuwa na kampuni ya kurekodia.

Hapo anaingia Gerry Rafferty, Mskoti aliyekuwa ametajirika kwa Baker Street na ambaye aliwapenda kweli. Alilipa kutoka mfukoni mwake wakarekodi albamu nzima mwaka 1980. Richard hakuipenda. Aliona imesuguliwa mno, uhai umetoka. Kampuni nazo hazikuitaka, ikabaki kwenye kanda. Ila sehemu kubwa ya nyimbo ambazo baadaye zingeitwa nyimbo za talaka zilikuwa tayari mle ndani: Walking on a Wire, Wall of Death, hata Shoot Out the Lights yenyewe. Mwaka 1980. Ndoa ilikuwa na matatizo yake kama ndoa nyingi, lakini hakuna aliyekuwa ametaja kuachana. Kuhusu Shoot Out the Lights, Richard amewahi kueleza kwamba fikra zake zilikuwa Afghanistan, nchi iliyokuwa imevamiwa na jeshi la Kisovieti.

Joe Boyd, Mmarekani aliyewahi kuwa prodyuza wa Fairport, alikuwa ameanzisha kampuni ndogo, Hannibal. Aliwapa sharti jepesi: warekodi upya, haraka, kwa fedha kidogo, kisha waende Marekani wakapige katika vilabu vidogo ili albamu ijulikane. Walirekodi Novemba 1981 katika studio za Olympic, London, kwa siku chache tu. Linda alikuwa mjamzito, pumzi zinamkatika, na baadhi ya sehemu alizozizoea hazikumtoka kwa urahisi. Nyimbo nane, chini ya jina Shoot Out the Lights. Kwenye jalada Richard ameketi sakafuni katika chumba kitupu, balbu moja inawaka juu, na Linda yupo kama picha tu iliyotundikwa ukutani. Wengi wameliona jalada hilo kama utabiri. Mimi sioni utabiri wowote pale, naona mke aliyekuwa na mimba kubwa.

Ndipo mambo yalipogeuka. Mwisho wa mwaka huo Richard alikwenda Marekani peke yake kwa ziara fupi ya gitaa na sauti. Aliyemwandalia maonyesho alikuwa Nancy Covey, mratibu wa maonyesho ya McCabe's, duka la magitaa la Santa Monica ambalo usiku hugeuka ukumbi. Wakapendana. Mwanzoni mwa mwaka 1982 Linda alijifungua mtoto wao wa tatu, na muda si mrefu baadaye Richard akamwambia anaondoka. Albamu ilikuwa inaingia madukani. Tarehe za Marekani zilikuwa zimeshafungwa. Hannibal haikuwa na fedha za matangazo. Ziara ndiyo ilikuwa tangazo lenyewe. Kufuta maonyesho kungekuwa sawa na kuizika albamu. Kwa hiyo watu wawili waliokwisha kutengana walipanda ndege pamoja, wakiwa na Simon Nicol kwenye gitaa la pili, Pete Zorn kwenye besi na Dave Mattacks kwenye ngoma. Ilikuwa mara yao ya kwanza kuzunguka Marekani wakiwa wawili, na ya mwisho.

Fikiria kazi yenyewe ilivyo. Kuimba kwa sauti mbili si jambo la kila mtu kutazama zake. Ili maneno yaanze na kuishia pamoja, mmoja lazima aitazame midomo ya mwenzake, asikie anavuta pumzi wapi, ajue irabu ataifungua kiasi gani. Wawili hawa walikuwa wamefanya hivyo kwa karibu miaka kumi. Sauti ya Richard ni nzito na kavu, haina mapambo. Ya Linda imenyooka, haitetemeshi noti kutafuta huruma, na kwa sababu hiyohiyo huumiza zaidi. Zikikutana, yake iko juu na ya mumewe inatembea chini, hazichanganyiki zikawa moja. Unasikia watu wawili. Sasa wape watu hao Wall of Death, wimbo unaofunga albamu, unaozungumzia ule mchezo wa waendesha pikipiki wanaozunguka juu ya ukuta wa duara, na waambie waimbe bega kwa bega kwamba hatari hiyo ndiyo wanayoitaka.

Walking on a Wire ulikuwa mbaya zaidi, kwa sababu ule ni wake Linda. Ameandikiwa na mumewe, ameupokea mwaka 1980 kama kazi, kama alivyopokea nyimbo zake nyingine zote. Ni malalamiko ya mtu aliyechoshwa na mwenzake na anayeyumba juu ya waya. Mei 1982 alisimama kuuimba mita mbili kutoka kwa mtu aliyeuandika, na mtu huyo ndiye aliyekuwa akimpigia gitaa.

Msikilizaji wa taarabu hahitaji kuelezwa jambo hili. Wimbo wa mafumbo hutungwa na mshairi kwa sababu zake, pengine kumsema mtu asiyejulikana na yeyote ukumbini. Kisha usiku wa onyesho mama mmoja anainuka, anakwenda kumtunza mwimbaji pale ubeti unapochoma, anampitia jirani yake fulani akimkata jicho, na tangu dakika hiyo wimbo ni wa ugomvi wao. Mshairi hana tena kauli. Tofauti ya Linda ni kwamba yeye alikuwa mwimbaji na mtunzaji kwa wakati mmoja, na jirani aliyekatwa jicho ndiye aliyekuwa ameshika gitaa.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo mimi naliona kubwa kuliko mateke. Linda alikuwa na ugonjwa wa sauti. Ulimwanza miaka ya sabini: misuli ya koo hujikaza yenyewe bila amri, na neno lililokusudiwa halitoki, au linatoka limekatika. Madaktari wanauhesabu kuwa ugonjwa wa mishipa ya fahamu, ingawa hofu na msongo huuzidisha. Kwa miaka mingi alikuwa akipanda jukwaani akiwa na woga, hajui kama leo sauti itakuja. Kwa hali aliyokuwa nayo mwaka 1982, mama aliyejifungua miezi michache kabla, ameachwa, anaishi kwa vodka na dawa za kutuliza huzuni, kwa maelezo yake mwenyewe, ungetarajia koo lifunge kabisa.

Likafunguka. Amesema mwenyewe kwamba hakuwa na woga hata kidogo, kwamba hakujali tena kitu, na kwamba hajawahi kuimba vizuri kama katika ziara ile. Tungeweza kudhani ni kumbukumbu inayojipamba, lakini ushahidi upo. Mwaka 2010 Shoot Out the Lights ilitolewa upya na kampuni ya Rhino ikiwa na diski ya pili yenye nyimbo zilizorekodiwa moja kwa moja katika ziara hiyo. Ukisikiliza studio kisha ukasikiliza jukwaa, tofauti iko wazi hata kwa sikio lisilofunzwa. Studio Linda ni mwangalifu. Anapita kwenye noti kama mtu anayevuka mto juu ya mawe. Jukwaani anazikanyaga. Mwisho wa sentensi, pale ambapo studio sauti ilikuwa inapungua, jukwaani inaongezeka. Ndiyo maana wapo wasikilizaji wa siku ile waliotoka wakisema wameona kitu ambacho hawatakiona tena.

Richard naye hapigi kama studio. Solo ya Shoot Out the Lights kwenye albamu tayari ni ya kukwaruza, ina ile noti moja ya chini inayong'ang'ania kama ile ya zumari la Kiskoti huku nyingine zikiruka juu yake. Jukwaani inarefuka, inajikunja, inarudi ilikotoka, inakataa kumalizika. Naungama kwamba nikiisikiliza siwezi kuacha kujiuliza teke liko dakika ya ngapi. Ni swali la kijinga, na ni dhambi ileile niliyowatuhumu nayo wale wa vilabuni.

Kwa nini hakusimamisha mambo? Kwa nini hakusema, basi, turudi nyumbani? Wapo wanaomwona mtu baridi, aliyeweza kupiga gitaa huku mama wa watoto wake akivunjika pembeni yake. Kuna ukweli humo, na sioni haja ya kumtetea. Aliyeondoka ni yeye. Lakini pia alikuwa mwanamuziki wa klabu tangu utotoni, na watu hao wana sheria moja tu wanayoiheshimu kikamilifu: onyesho lililotangazwa hupigwa. Linda alikuwa na sheria hiyohiyo. Hakukosa kupanda jukwaani. Alivuruga chumba cha kubadilishia nguo, kisha akapanda, akaimba. Bendi, ambayo haikuwa na ugomvi na yeyote, ilikaa katikati kama watoto wa nyumba yenye kelele.

Ziara iliisha Juni. Linda alibaki Los Angeles kwa muda, akapokelewa na mwimbaji Linda Ronstadt nyumbani kwake, kisha akarudi London, akafanya kazi ya kuimba katika tamthilia, na mwaka 1985 akatoa albamu yake mwenyewe. Baada ya hapo koo lilifunga kweli, kwa miaka mingi. Richard alimwoa Nancy Covey, akaendelea kutoa albamu karibu bila kupumzika, na bado anapiga. Wawili hao walikuja kupatana kiasi cha Richard kupiga gitaa katika albamu ya Linda ya mwaka 2002, Fashionably Late, na mwaka 2014 wakatokea wote katika albamu ya familia iliyoongozwa na mwana wao Teddy. Mwaka 2024 Linda, ambaye hawezi tena kuimba, alitoa Proxy Music: nyimbo alizoziandika yeye, zinaimbwa na wengine, wakiwamo watoto wake.

Shoot Out the Lights haikuwatajirisha, ingawa mwaka 1989 jarida la Rolling Stone liliipa nafasi ya 9 kati ya albamu 100 bora za muongo ule. Karibu kila anayeiandika huanza na talaka. Nami nimefanya hivyohivyo, kwa hiyo sina la kuwalaumu. Ila msomaji ambaye hajawahi kuwasikia watu hawa afanye jambo moja kabla hajasoma zaidi habari zao. Aanze na diski ya jukwaani, si ya studio. Asikilize Walking on a Wire mara ya kwanza kama wimbo wa mtu asiyemjua, kama ulivyoandikwa. Habari ya ugoko anayo tayari, na haitampotea.